Kuvu Isiyoogopa Jua

Ukiona uvimbe umekaa juu ya mfupa wako, hauumi, hauwashi, umetulia tu kama mgeni anayesubiri kukaribishwa chakula, usimwonyeshe koko yako, yaani bibi mzaa mama. Mwonyeshe dokteri. Koko atauona baadaye, ukiwa umeshavaa suruali ndefu. Huo ndio ushauri wangu wote, na mwenye haraka anaweza kuishia hapa.

Kama bado unasoma, basi huna haraka. Pengine umelazwa. Pengine umekaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi na jina lako halijaitwa. Nakujua. Nimelikalia benchi hilo mpaka makalio yangu yameacha alama. Naitwa Ramazani, nasoma hapa Kasongo, mwaka wa tano wa sekondari, ingawa nilioanza nao wameshafika wa sita na sasa wananiita mdogo wao. Prof wetu wa Kifaransa aliniambia maandishi ya mgonjwa yanapaswa kuwapa wengine tumaini. Mimi nitajaribu kuwapa habari.

Ilianza mvua zikiwa zimekolea, wakati ule uwanja wetu wa mpira unapogeuka shamba la mpunga na sisi tunacheza hivyo hivyo. Nilitokwa na vipele usoni, vigumu, vyenye kitobo katikati. Rafiki yangu Salumu, ambaye tunakaa dawati moja tangu utotoni, alivikagua kwa makini kama mnunuzi wa mbuzi.

“Hizo ni ndevu,” alisema. “Zimepotea njia.”

Kisha likaja la mguu. Mguu wa kushoto, mbele, chini kidogo ya goti, uvimbe wa ukubwa wa kokwa ya mchikichi. Nilidhani ni teke. Kwenye timu yetu kila mtu anatembea na teke la mwenzake. Mama akaukanda kwa maji ya moto na chumvi. Uvimbe ukakua, ukalainika, na siku moja nikiwa darasani ukapasuka wenyewe na kulowesha soksi. Harufu iliwafanya wa dawati la mbele wageuke kumtazama Salumu kwa hasira. Sikuwasahihisha.

Kituo cha afya cha mtaa kilinipa vidonge vya kidonda. Kidonda kikavila na kuomba vingine. Ndipo tukapelekwa hospitali kubwa, wakanipiga radio, yaani ile picha ya mifupa, na mfupa wangu ukaonekana una shimo kama punje ya mhindi iliyopitiwa na mdudu. Wakasema ni kifua kikuu cha mfupa. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu sasa. Huku kwetu kinachotoboa mfupa polepole mara nyingi ni hicho, na mashine ya kuonyesha kama ni kingine haipo.

Vidonge vya kifua kikuu vina raha moja: mkojo unakuwa rangi ya machungwa. Nusu ya darasa ilikuja nyuma ya vyoo kuniona nikikojoa, na wakapiga makofi. Kwa siku chache nilikuwa mtu maarufu. Baada ya hapo nikawa mgonjwa tu, na mgonjwa wa muda mrefu hana watazamaji.

Mvua zikaisha, kiangazi kikaja na kupita, mpunga ukapandwa upya, na mimi bado nameza. Nilikonda hadi Mama akaipunguza suruali yangu ya shule kiunoni, akaipunguza tena, mwishowe mifuko miwili ya nyuma ikakutana na kuwa jirani. Tezi zikavimba shingoni. Nilianza kutembea kwa fimbo. Kila wiki nilikaa benchini pamoja na Mama, na kwa kuwa hakuna la kufanya kwenye benchi hilo, nilibuni mchezo wa kukisia ugonjwa wa kila anayeingia. Yule tumbo. Yule jino. Yule hana kitu, amemkimbia mkewe. Mama alikuwa akinifinya ninyamaze, lakini siku moja alinong'ona mwenyewe, “Yule bawasiri, ona anavyokaa,” na tulicheka mpaka muuguzi akatoka nje kututazama. Siku ile nairudia mara nyingi kichwani.

Halafu akaletwa dokteri mpya, mwanamke kijana anayeitwa Furaha. Jina lake na kazi yake havijawahi kupatana. Tangu nimfahamu, kila akifungua mdomo mbele yangu ni msiba.

“Dawa unakunywa kila siku?” aliniuliza.

“Kila siku, Dokteri. Hata mkojo ni shahidi.”

“Na kidonda kinasema nini?”

“Kidonda hakijaambiwa kama natibiwa.”

Alicheka, kisha akakitazama kidonda na akaacha kucheka. Alikata kipande kidogo cha nyama ya mguu wangu, akakitia kwenye kichupa, na kichupa kikaondoka kwa pikipiki hadi Kindu, kutoka Kindu kikapanda ndege hadi Kinshasa. Mimi sijawahi kupanda ndege. Kipande changu kimepanda. Niliwaambia shuleni kwamba sehemu yangu fulani imesafiri kwa masomo ya juu, na tukasubiri.

Kusubiri majibu ya Kinshasa ni ugonjwa mwingine kabisa. Baba yangu anaendesha pikipiki, anabeba watu na mizigo kati ya Kasongo na Kabambare, na kila akirudi swali lake la kwanza lilikuwa lile lile, hata kabla ya kuvua kofia. Mama alikuwa akitikisa kichwa. Baadaye Baba akaacha kuuliza, akawa anamtazama tu, na Mama anatikisa kichwa.

Majibu yalipofika, Koko alikuwepo. Koko ni mama yake Mama. Anaishi Wamaza, upande wa Kabambare, na alikuja kututembelea na gunia la unga. Inabidi nikueleze unga wa Koko, maana bila huo hutaelewa kilichotupata.

Koko haloweki mihogo mtoni kama wanavyofanya wengi. Anaimenya, anailundika ndani ya nyumba, anaifunika kwa majani ya migomba na kuiacha ivunde. Ukifunua baada ya siku kadhaa utakuta mihogo imeota manyoya, meupe, meusi, mengine ya rangi ya kutu. Hiyo ni kuvu. Koko haiogopi. Anaitaka, kwa sababu inalainisha muhogo na kuondoa ule uchungu. Kisha anachukua kisu kidogo, anaikwangua yote, anaanika mihogo juani, na kuvu inakufa. Bugali ya unga ule inanukia nyumba ya tatu. Amefanya kazi hiyo tangu akiwa msichana.

Sasa fikiria mtu huyo amekaa kwenye chumba cha Dokteri Furaha, na Dokteri anasema, “Si kifua kikuu. Ni kuvu. Imeingia kwenye mfupa.”

“Kuvu?” Koko aliuliza.

“Ndiyo, Koko. Kuvu.”

“Kuvu tu?” Akageuka kumtazama Mama, uso wote umefunguka. “Sisi tunalia mwaka muzima, kumbe mutoto iko na kuvu tu!”

Dokteri alieleza kwamba hii si ya kuchezea. Inaishi kwenye udongo wenye kinyesi cha popo, mtu anaivuta na vumbi. Nikakumbuka dari ya darasa letu, ambayo ina popo wengi kuliko wanafunzi. Wote tulivuta vumbi lile. Salumu alivuta kuliko mimi, pua zake ni kubwa. Kuvu ikanichagua mimi. Dokteri alisema vidonge vyake vipo lakini si hapa, vitaagizwa, vitachukua muda, na vikifika vitamezwa kwa miezi mingi.

“Niache nirudi naye Wamaza akapumzike,” Koko alisema, kwa upole wa mtu mwenye mpango. “Dawa ikifika, mutatuita.”

Mvua zilikuwa zimekatika. Tukaenda.

Ushauri wangu wa pili, ambao sikuutaja mwanzo kwa sababu unaniuma: ukipelekwa kijijini kupumzika, uliza kupumzika kwa namna gani.

Asubuhi ya kwanza Koko alitandika mkeka uani, pale pale anapoanika mihogo. Akapanga mihogo upande mmoja, kisha akapiga mkono upande mwingine.

“Lala hapo. Kunja suruali.”

“Koko, mimi si muhogo.”

“Nani amesema weye muhogo? Muhogo hauna domo. Lala.”

Alikwangua magamba ya kidonda kwa kisu kile kile kidogo, amekichemsha kwanza, sitamsingizia. Mikono yake ni myepesi mno. Niliumia kidogo tu. Kisha jua. Asubuhi upande mmoja, mchana ananigeuza upande wa pili, jioni ananiingiza ndani pamoja na mihogo. Kuku walikuja kudonoa mihogo, wakaja kunidonoa na mimi. Wanunuzi wa unga walisimama na kunitazama. Mwanamke mmoja aliuliza, “Koko, na hiki cha huku unauza?” Koko akajibu, “Hakijakauka. Rudia wiki ijayo.” Nilicheka mpaka machozi. Nakuambia ukweli, kile kiangazi kilikuwa kizuri. Nilikula vizuri, nililala, nilikuwa na mtu aliyejua la kufanya. Hujui jinsi hilo linavyopumzisha, mpaka umekaa mwaka mzima na watu wanaosema tusubiri.

Na kidonda kikakauka.

Hapo ndipo palipotuua. Kama kingeoza, tungerudi. Kilikauka, kikafunga, ngozi mpya ikaja, laini, ya rangi ya waridi kama masikio ya sungura. Vidonge vilipofika Kasongo, Baba aliacha abiria wake akaja Wamaza kunichukua. Alikuta nimelala juani, kidonda kimefunga. Alichuchumaa. Akapitisha kidole juu ya ngozi mpya mara mbili, tatu.

“Unaona?” Koko alisema.

“Dokteri amesema aje. Dawa imefika.”

“Dawa ya nini? Kidonda kiko wapi? Nionyeshe.”

Mama alikuwa ameshuka kwenye pikipiki nyuma ya Baba. “Baba Ramazani,” alisema polepole, “ile dawa inachoma maini, Dokteri alisema mwenyewe. Kama mutoto anapona bila hiyo…”

“Mie sijasema asimeze.”

“Basi mwache mwezi huu umalizike. Mihogo ikiisha kukauka, tutakuja wote.”

Baba alinitazama mimi. “Weye unasikia vipi mwilini?”

Nikasema nasikia vizuri. Sikudanganya, nilikuwa nasikia vizuri. Baba akanywa maji, akarudi Kasongo peke yake. Wazazi wangu hawajawahi kuizungumza siku ile mbele yangu. Wanaizungumza kwa milango: Mama akitaja Wamaza, Baba anatoka nje na mlango unajibu.

Wingu la kwanza la mvua lilinikuta nikikimbia kuingiza mihogo ndani. Nilikanyaga pembeni ya kinu, si kwa nguvu, na mguu ukavunjika. Sauti yake ilikuwa kavu kabisa. Nilikaa chini nikautazama umejikunja mahali pasipo na goti, na neno la kwanza lililonitoka siwezi kuliandika hapa kwa sababu Prof atasoma. Koko alikiweka kichwa changu mapajani mwake, mvua ikatupiga sisi wote watatu: mimi, yeye na mihogo. Hakuniambia nitapona. Alikuwa akisema tu, “Ulikauka. Si ulikauka?” Alikuwa anauliza mguu.

Nilirudi Kasongo kwenye pikipiki ya Baba, mguu umefungwa kwa vijiti na kitenge, Mama nyuma yangu amenikumbatia. Barabara ile kwenye mvua sina la kuieleza. Kwenye kila shimo nilijua majina mapya ya Mungu.

Radio mpya ilionyesha kwamba wakati ngozi inafunga juu, chini kulikuwa na karamu. Mfupa ulikuwa umeliwa pande zote. Nililazwa, na Dokteri Furaha akaja kukaa ukingoni mwa kitanda. Koko alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Alikuwa amekuja kwa miguu sehemu ya njia kwa kuwa hakutaka kusubiri nafasi ya pikipiki.

Niliuliza kwa sababu nilitaka mtu aulize mbele yake, kwa heshima, si kwa kumshtaki. “Dokteri, kwa nini jua halikuiua? Ile ya muhogo linaiua.”

Dokteri alichukua boksi tupu la chupa za maji ya mishipa, akachora duara.

“Hii ni seli ya kuvu yako. Kuvu nyingi zikikutana na joto la mwili wa mtu zinadhoofika. Ndiyo maana Koko anavuta vumbi la ile ya muhogo miaka yote na hajaugua. Hii yako inavumilia. Nje ni nyuzi nyuzi. Ikishaingia ndani ikasikia joto, inageuka punje, inakaa.”

“Nani anaiambia igeuke?”

Akachora vidoti. “Ndani ya seli, protini nyingi zinabandikwa kipande kidogo cha fosfeti. Kikiwa kimebandikwa, protini inalala. Nyingine ndiyo inaamka, inategemea. Sasa kuna vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kubandua hicho kipande. Vinaitwa fosfatasi za protini. Kuna kimoja ambacho kwenye kuvu nyingi za magonjwa ndicho kinachosaidia kuvumilia joto. Joto likipanda, kinaamka, kinambandua mwenzake fosfeti, huyo mwenzake anaingia kwenye kiini na kutoa amri: imarisheni ukuta, tunabaki. Hii yako hasa haijachunguzwa sana. Wanaoiugua ni wachache, na wengi wao ni watu wa huku.”

Nilifikiri. “Kwa hiyo ndani ya kila kuvu kuna Koko mdogo, amekaa na kisu, anakwangua fosfeti.”

Mama alinikata jicho. Lakini pale sakafuni nilisikia kitu kama pumzi ya kicheko, ya mwisho niliyosikia kwake kwa muda mrefu.

“Basi muueni huyo Koko mdogo,” nilisema. “Hakuna dawa ya kukizima?”

“Ipo. Wanapewa watu waliowekewa figo ya mtu mwingine. Shida ni kwamba na weye unacho, Ramazani. Chako na cha kuvu vinafanana sana. Chako ndicho kinachoamsha askari wa damu yako. Nikikizima, nitaisumbua kuvu kidogo, na weye nitakuvua nguo kabisa mbele yake. Kuna watu wanatafuta dawa itakayojua kutofautisha. Bado.”

Aliondoka na kuliacha boksi. Nimekaa na maneno yale kuliko maneno ya watu wote waliokuja kuniombea. Nilitaka kuichukia kuvu. Lakini unachukiaje kitu ambacho, ukichungulia ndani, kinahangaika na joto kwa kifaa kile kile unachohangaika nacho weye? Ilikuja mwilini mwangu, ikakuta pana joto, ikajitahidi. Mimi ningefanya hivyo hivyo. Mbaya zaidi, ilinishinda kwa kujitahidi, na darasani mimi sijulikani kwa hilo.

Wakanianzishia dawa ya mishipa, ya manjano. Inaning'inizwa imefunikwa mfuko mweusi kwa sababu haitakiwi kupata mwanga. Nilipoambiwa hivyo nikajua nani atashinda: ugonjwa umelala juani kiangazi kizima ukanenepa, dawa inaogopa dirisha. Kila ikiingia nilitetemeka mpaka kitanda kikatembea. Mama alikuwa analala juu ya mguu wangu mzima kukizuia. Kama na weye unapewa dawa hiyo, omba blanketi kabla haijaanza, si baada, na usile maharagwe siku hiyo. Hilo la maharagwe halijathibitishwa na Dokteri. Limethibitishwa na waliolala karibu nami.

Kulikuwa na mambo madogo mazuri, sitayaficha. Muuguzi wa zamu alinipa kitanda cha karibu na mlango nione wapita njia. Salumu aliniletea masomo ameyanakili kwa mwandiko wake mbaya, na pembeni ya kila ukurasa ameandika tusi jipya ili nisikose sababu ya kufungua ukurasa unaofuata. Baba, ambaye hajawahi kupika maishani, alileta uji ambao ulisimama wenyewe sahani ilipoondolewa. Niliula wote.

Mfupa haukuunga. Joto la mwili lilipanda kila jioni. Mvua zikiwa katikati, Dokteri Furaha alifunga mlango wa chumba, na sisi tulishajua maana ya yeye kufunga mlango.

“Tukiuacha mguu, hautaondoka peke yake,” alisema.

“Kukata wapi?” Baba aliuliza.

“Juu ya goti.”

Baba aliuliza kama kuna njia nyingine, akauliza tena kwa maneno tofauti, kama vile dereva anayejaribu kila kijia kabla ya kukubali kwamba daraja limeondoka. Kisha akanigeukia. Nikasema wakate. Nilisema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Salumu alipopewa habari alijitahidi naye.

“Sasa utakuwa golikipa,” alisema. “Golikipa hakimbii.”

“Golikipa anaruka, mjinga.”

“Basi utakuwa refa.” Hapo akashindwa, akaufunika uso kwa daftari alilokuwa ameniletea, akalia. Nikamwambia anachafua masomo yangu.

Tangu wakate, kiangazi kimoja kimepita. Nameza vidonge. Vikichelewa njiani, nakaa bila. Ini langu linalalamika, ngozi imekuwa nyeusi mahali na nyeupe mahali, na mguu ambao haupo unawasha usiku kwenye kidole gumba. Uvimbe wa shingoni ulipungua, halafu mwezi uliopita ukasimama. Haupungui, haukui. Dokteri ameugusa, akasema tutazame. Naijua tutazame. Ninakwenda shule kwa magongo, na dari ya darasa bado ina popo. Niliwaambia wadogo wafunge pua wanapofagia. Wamenicheka, kama ambavyo ningecheka mimi.

Kwa hiyo weye uliye kwenye benchi, sina la kukupa zaidi ya hili: ukipewa dawa, imeze hata kama ngozi imefunga. Imeze hasa kama ngozi imefunga. Na aliyekupenda akakosea, usimwache akae sakafuni. Mimi ilinichukua muda kumwambia Koko apande kitandani.

Nimeruka siku moja. Niliiruka makusudi, lakini Salumu amesoma mpaka hapa na anasema bila hiyo nimewadanganya.

Ni siku ya kukatwa. Nilikuwa nimeshazinduka, nimelewa dawa. Muuguzi alimwuliza Baba mlangoni kama familia inauchukua mguu au hospitali iuchome. Koko, ambaye alikuwa hajasema neno siku nyingi, alisimama.

“Hatuchome mutoto wetu,” alisema.

Wakamwita Maalimu wa msikiti wetu. Alikuja haraka, kanzu imechafuka tope, akaeleza kwa upole kwamba mwenye mguu iko muzima, kwa hiyo mguu hauswaliwi. Unafungwa kitambaa safi, unazikwa, imeisha.

“Unazikwa wapi?” Koko aliuliza.

“Popote penye heshima, Mama. Makaburini, kama munataka.”

“Peke yake?”

Watu wote wakamtazama Baba. Baba akatoka. Aliporudi alikuwa na kamba ya mkonge, ile anayofungia mizigo kwenye pikipiki. Alikuja kitandani kwangu, akaiweka ncha moja juu ya utosi wangu na kumpa Mama aishike.

“Nyoosha,” aliniambia.

Ndipo nikaelewa. Alikuwa anataka kuchagua mahali pa kaburi la urefu wangu wote, ili mguu ulale kule chini unakotakiwa kulala, na sehemu nyingine ya ardhi ibaki inasubiri. Mama alielewa pia, akaibana ncha ya kamba utosini kwa viganja vyote viwili. Nilinyoosha mguu wa kulia. Baba akaivuta kamba kifuani, tumboni, juu ya goti, hadi kisiginoni, akabana kwa vidole mahali ilipofikia.

“Baba,” nilisema, “bado nakua. Ongeza.”

Baba aliangalia kisigino changu. Kisha akasogeza vidole vyake mbele, shubiri moja, akafunga fundo.